Nesi na Mafuta Mekundu

Kabla ya kumpima mtu homa, alilipima gari. Kila asubuhi. Sisi tumeshapanga foleni barazani pa zahanati, watoto wanalia migongoni, mmoja anatapika, mwingine anajikuna upele, na yeye anapita katikati yetu kama haoni mtu, anakwenda bandani, anafungua boneti. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Anatazama maji. Halafu anainama zaidi, karibu aingie mzima mzima, anafungua kikopo kilichokaa pembeni ya injini, kikopo cha ukubwa wa ngumi, anachungulia, ananusa. Akishakifunga hicho ndipo anageuka: "Haya. Nani wa kwanza?"

Siku moja mzee mmoja alichoka, akamuuliza, "Nesi, kwani gari ni mgonjwa kuliko sisi?"

"Wewe ukizidiwa, nakubeba kwa gari. Gari likizidiwa, utalibeba?"

Mzee akakaa chini.

Tulimwita Nesi. Jina alikuwa nalo, na mwenyekiti wa kijiji alilitaja lote mkutanoni, lakini nje ya mkutano halikutumika. Alikuwa mtu wa kusini, Mwislamu, serikali ilimleta kwetu milimani upande wa Gorong'a tukiwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Kwao sikukujua na sikuuliza. Mtu anayejua kazi yake huulizwi kwao ni wapi.

Alikuwa mwembamba, mweusi sana, shingo ndefu, anatembea kama anayekwenda kumgombeza mtu. Alikula amesimama. Alicheka mara chache, na akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko ni mali ya serikali. Kuimba hakujua kabisa, lakini akiwa njiani aliimba, na wagonjwa waliokuwa nyuma walipona haraka ili washuke.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la Kimarekani, liliachwa na wamisionari waliporudi kwao, na tangu hapo lilikuwa zee. Usukani upande wa kushoto. Kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la kanisa. Viti vya nyuma viling'olewa, likatandikwa godoro. Mlangoni palikuwa na msalaba wa buluu uliopauka. Mwenyekiti alimwambia, "Nesi, wewe ni mtu wa swala, tukukwangulie huo msalaba."

"Rangi hiyo inazuia kutu," akajibu. "Mwacheni Mungu afanye kazi."

Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, asiyelijua gari alidhani aliyekaa kulia ndiye dereva. Kuna siku alimbeba bibi kipofu, akamkalisha pale mbele kulia. Walipofika mnadani, watu walimwona bibi kipofu amelala fofofo, mdomo wazi, na gari linakuja. Mnada ulitawanyika. Mbuzi walipotea siku ile, na lawama zote akapewa bibi.

Wanaume wetu mwanzoni walimdhihaki. Mwanamke anaendesha! Wakipishana naye njiani walipigiana kelele, "Mura, wewe kijana, ingia kichakani, mwanamke anakuja na nyumba yake!" Naye alisimamisha gari, akateremsha kioo, akawatazama bila neno mpaka wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu. Kisha akaondoka. Hao hao walipougua walibebwa na nyumba hiyo.

Lakini mtu huyu asiyeogopa panga wala damu aliogopa ng'ombe. Hapa kwetu! Ni kama mtu aende kuishi ziwani akiogopa samaki. Ng'ombe mmoja akisimama barabarani, Nesi alizima injini, akakaa, akangoja. Alipiga honi kidogo, kwa adabu, kama anabisha hodi. Mpaka apite mtu wa kumswaga. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, naye akasema, "Chekeni. Binadamu akinitazama najua anawaza nini. Yule simjui."

Sasa nieleze habari ya usukani, maana bila hiyo hamtamwelewa. Gari lile lilikuwa na stelingi ya pawa. Siku hizi ni kitu cha kawaida. Wakati ule hata lori la chama cha ushirika halikuwa nayo, dereva wake alizungusha usukani kwa mabega na kifua kama anayemwangusha fahali. Nesi alizungusha gari refu lile kwa kidole. Niliona kwa macho yangu: kidole kimoja, mkono wa pili unamenya chungwa.

Nilimuuliza ni uchawi gani. Akaniita kwenye boneti. "Hapa kuna pampu. Mkanda huu unaizungusha. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanausaidia mkono wangu." Akafungua kile kikopo. Mafuta yalikuwa mekundu, maangavu, mazuri kuliko damu. Juu ya kifuniko palikuwa na maandishi ya Kizungu. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililichungulia tu, nikamwomba anisomee.

"Imeandikwa: usitie kitu kingine."

"Maneno yote hayo ni hivyo tu?"

"Maneno ni mengi. Maana ndiyo hiyo."

Halafu akasema lile alilopenda kusema, "Kila kitu kina damu yake. Nikikutia damu isiyo yako utakufa umejaa damu. Na hili vilevile."

Mkumbuke miaka ile. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliana. Chumvi tulipimiwa kwa kijiko. Mafuta mekundu aliyokuwa nayo ni makopo waliyoacha wamisionari, aliyafungia stoo pamoja na kwinini, na kila kopo lililoisha alilitazama kama mtu aliyefiwa. Wilayani walikwisha kusema: gari hilo likilala, tutakuja kulivuta, na jingine hakuna. Neno hilo kila mwanamke kijijini alilijua kwa moyo. Kabla ya gari lile, mwanamke aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwa machela kuvuka milima mpaka Tarime. Njia ile ilikuwa na makaburi. Tulipita tukiyajua, hili la fulani, lile la mke wa fulani. Kwa hiyo Nesi alipokuwa akinusa kikopo chake asubuhi, sisi wenye matumbo tulinyamaza kimya kama tuko kwenye ibada.

Zawadi hakupokea. Ukimpelekea mayai, anakurudishia. Kuku, anakurudishia na kukuuliza watoto wako wamekula nini leo. "Serikali inanilipa," ndio ulikuwa wimbo wake. Na bado ndiye ombaomba mkubwa niliyewahi kumwona. Kwa ajili ya nafsi yake hakuomba hata kiberiti. Kwa ajili ya mafuta mekundu aliomba bila haya. Alipanda basi akaenda upande wa Serengeti, akasimama barabarani Mbalibali juani, anapungia magari yanayokwenda mbugani. Gari likisimama haombi lifti, anauliza, "Una mafuta ya stelingi? Mekundu?" Wazungu walimpa peremende. Alizitafuna, akaendelea kupunga.

Basi, mzee aliyeyaleta haya mashaka yote alikuwa mkwe wangu, baba wa mume wangu. Mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa na donda la mguu la miaka, limeoza, tumeshalizoea kama mtu wa nyumbani. Nesi alilisafisha kila siku mpaka likafunga. Mzee akataka kushukuru. Akapeleka mbuzi, mbuzi akarudi. Akapeleka asali, asali ikarudi. Mkwe wangu hakulala vizuri. Mtu wa kwetu kukataliwa shukrani ni kama kutemewa mate. Akaanza kumchunguza: huyu mwanamke anapenda nini? Akaona: anapenda gari. Na katika gari anapenda kile kikopo.

Siku hizo usukani ulikuwa umeanza kuguna. Ukikata kona unasikia ng'uuu. Mafuta yalikuwa yamepungua na Nesi alikuwa akiyabania, anaongeza kidogo kidogo. Sasa, kwetu kitu kikiguna dawa yake inajulikana. Ngozi ikikauka, inapakwa samli. Mlango wa zizi ukilia, samli. Mtu akienda safari, wazee wanampaka samli kwenye paji la uso. Nesi alipolala kitandani na malaria, mkwe wangu akachukua kibuyu cha samli iliyokaa, ile ya kubarikia, siyo ya kupikia, akaiyeyusha motoni taratibu, akaenda bandani. Akafungua boneti kama alivyomwona akifanya. Akajaza kikopo mpaka juu. Akafunga, akafuta kwa pindo la blanketi lake, akayanyunyizia magurudumu pombe, akalitakia gari watoto wengi. Sisi tulikuwapo. Tuliona jambo zuri limefanyika.

Kesho yake kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu. Nesi aliamka, amekonda, anatetemeka, akawasha gari kwanza kabla hajatazama, kwa kuwa alikuwa ameitwa mbali. Akakata usukani kutoka bandani. Gari lilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa.

Akazima. Akashuka. Akafungua kikopo, akatia kidole, kikatoka cheupe. Akakiramba.

"Samli," akasema.

Akatugeukia.

"Nani?"

Mkwe wangu akasimama wima na fimbo yake. "Ni mimi. Ya ng'ombe mweusi. Haina chembe ya maziwa."

Tukangoja radhi zimwagike. Nesi alishawahi kumtukana mwenyekiti mbele ya wanawe kwa kosa la kuegemea gari. Akamtazama mzee muda mrefu. Kidole bado kinang'aa.

"Asante, mzee," akasema. "Ni samli nzuri."

Zawadi pekee aliyoipokea kwetu ni ile.

Kisha akafanya kazi siku nzima na homa yake. Aliinua gari kwa jeki, akangoja jua lilainishe, akafungua mipira ya kupitishia mafuta, akazungusha usukani huku na huku, samli ikatoka vipande vipande, mbwa wa kijiji wote wakaja kula. Ilipoacha kutoka, tukadhani amemaliza. Akaenda stoo. Akarudi na mafuta mekundu yaliyobaki, yote, akayapitisha ndani na kuyaacha yamwagike chini, huku akizungusha usukani, mpaka yakatoka hayana wingu.

Mwenyekiti alishika kichwa. "Nesi! Unamwaga ya mwisho!"

"Samli ikibaki ndani, pampu itakufa. Pampu ikifa, hata nikiletewa pipa zima la mafuta nitalifanyia nini?"

"Na sasa utaendeshaje?"

Akafungua ule mkanda wa pampu, pampu isizunguke kavu, akautundika msumarini. "Kwa mikono," akasema.

Ardhi pale bandani ilikuwa nyekundu kama pamechinjwa. Mkwe wangu aliitazama, akaondoka bila kuaga, na siku nyingi hakuonekana kwenye pombe.

Habari zikaenea. Dereva wa lori akaleta oili ya injini. Akakataa. Dereva mmoja kutoka wilayani, kijana mchangamfu, akaleta kopo la mafuta ya breki. "Dada, tia haya, yatakusukumia siku mbili tatu. Mafuta ni mafuta."

"Shemeji," Nesi akamwambia, "maziwa na mkojo vyote vinatoka kwa ng'ombe."

Kijana alicheka mpaka akaegemea gari, akafukuzwa. Lakini kopo aliliacha. Nesi akamweleza kwa upole wake mchache kwamba mafuta ya breki yanavimbisha mipira ya ndani ya stelingi, inalainika kama muhogo uliochemka, halafu kila kitu kinavuja na gari limekwisha.

Miezi ikapita hivyo. Gari bila pawa ni zito kuliko hata lile ambalo halikuzaliwa nayo. Kwenye tambarare, likiwa mbio, alimudu. Kwenye kona za mlima, polepole, kwenye tope, nilimwona akisimama kwenye kiti, akining'inia kwenye usukani kwa uzito wake wote. Viganja vilichubuka, akavifunga bandeji, akaendelea kuchoma sindano na bandeji zake. Mabega yakawa ya mwanamume. Wanawake walianza kunung'unika kwamba anaringa kwa kukataa mafuta anayoletewa. Dereva mmoja wa Kikenya alikwama tope karibu nasi, vijana wetu wakamvuta, akamletea Nesi kopo kama asante. Nesi akadondoshea tone kwenye kitambaa cheupe, akalitazama likisambaa, akalinusa, akamrudishia. "Si yenyewe." Mimi nilikuwa na mimba kubwa wakati huo. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Yenyewe yalikuja baadaye, mwanangu akiwa ameshaanza kutambaa. Dereva wa mbugani, mmoja wa wale aliowapungia mkono Mbalibali, alikumbuka. Alikata njia mpaka kwetu, akashusha makopo, mekundu, yenyewe hasa. Nesi alilifungua moja, akanusa, akakaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti kama mtoto. Kisha akajaza, akarudisha mkanda, gari likageuka kama zamani. Lilibeba wanawake miaka mingi baada ya hapo.

Lakini mimi nilibebwa kabla ya makopo hayo.

Uchungu ulinishika asubuhi kwenye shamba la pamoja, jembe mkononi, wakanifikisha zahanati. Nesi akanipapasa tumbo, uso wake ukafunga. "Amelala mkingamo," akamwambia mama mkwe. "Hapa hazaliwi. Tarime." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Vijana wote, mume wangu akiwamo, walikuwa wamekwenda mbali kuchimba lambo la kijiji. Waliobaki ni wazee. Nesi akawatazama mmoja mmoja, akamwonyesha kidole mkwe wangu.

"Wewe. Una mikono. Njoo tuvute usukani."

Ninyi wa siku hizi hamuoni uzito wake. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana aibu baina yao. Hakai karibu nami, hanitazami magotini, jina langu halitaji. Kukaa gari moja nami ninazaa? Afadhali afe. Mzee akasema taratibu, "Huyo ni mke wa mwanangu."

"Samli ilikuwa ya nani?" Nesi akauliza.

Mzee alisimama. Alichukua blanketi lake, akajifunika kichwa na uso wote mpaka kifuani, akapapasa mlango kama kipofu, akaingia mbele, akasogea mpaka ubavuni mwa Nesi, akatoa mikono chini ya blanketi na kuushika usukani. Mimi nyuma kwenye godoro, kichwa changu mapajani mwa mama mkwe.

Nimesafiri kidogo maishani, lakini safari ile inanitosha.

"Kulia, mzee! Vuta!"

"Kulia kwako au kwangu?"

"Tumekaa tukitazama upande mmoja! Kulia ni moja! Vuta!"

"Navuta! Limekataa!"

"Halikatai, wewe ndiye unapumzika!"

Kila kona uchungu wangu ulikuja, na kila kona wao walivuta. Mimi nalia, Nesi anaguna, mzee anakoroma chini ya blanketi. Kwa muda sikujua ni nani kati yetu anayezaa. Kwenye teremko moja gari liliteleza, nikaona bonde kupitia kioo cha nyuma, chini kabisa, mto mwembamba kama uzi. Mama mkwe akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Nesi akapiga kelele, "Imba kwa kuvuta!" na mama mkwe, sijui alivuta nini, alinivuta mimi nywele.

Tukafika mahali gari likasimama. Kimya. Nikauliza kwa sauti ya kufa, "Tumefika?"

"Ng'ombe," Nesi akasema. Kundi zima limejaa njia. Naye hathubutu hata kupiga honi.

Mkwe wangu chini ya blanketi akavuta hewa puani. Akapiga mluzi, mmoja mrefu wenye kukatika katikati, kisha akatoa sauti ya kooni ninayoisikia mpaka leo. Sikuwaona, lakini nilisikia kwato zikigawanyika pande mbili. "Nenda," akasema, uso bado umefunikwa. "Wamekupisha."

Tarime walinipasua tumbo. Msichana. Waliniambia baadaye kwamba walipomfuata Nesi garini vidole vyake vilikuwa vimekataa kufunguka, mhudumu akavibandua kimoja kimoja kutoka kwenye usukani. Na mkwe wangu walimsahau. Alikaa garini na blanketi kichwani mpaka jioni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mimi nimeshashushwa. Hakulisema jambo lile hata siku moja mpaka tunamzika.

Nesi alihamishwa, akastaafu, nikasikia yuko hapa, nikasikia yuko kule. Mara ya mwisho nilimkuta sokoni Nyarero. Nilikwenda kununua mahindi ya mbegu, nikaona duka dogo la chumvi na mafuta ya taa, na ndani mwanamke amekaa kwenye kigoda, shingo ileile. Wateja alikuwa akiwaambia wajipimie wenyewe.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba." Akanitazama tumbo kwanza, ndipo uso. "Mkingamo," akasema. "Yuko wapi?"

"Ana watoto wake sasa. Ni mwalimu."

"Vizuri. Keti. Chai iko pale, jimiminie. Mimi mikono haipandi." Akajaribu kunionyesha. Ilifika kifuani, ikagoma. "Mabega haya niliyaacha kwenye kona za kwenu. Daktari amenipiga picha, anasema mifupa imesagika. Nikamwambia najua, nilikuwapo."

Nikanywa chai. Tukataja waliokufa. Halafu nikasema, "Nesi, nina swali la miaka mingi."

"Uliza kabla sijafa."

"Siku ile yangu. Stoo kulikuwa na kopo la breki aliloliacha yule kijana. Nililiona nikiwa nimelala pale kitandani, mlango wa stoo uko wazi. Ungerudisha mkanda, ungelitia, gari lingegeuka laini kwa siku ile moja tu. Mtoto alikuwa amenikwama. Kwa nini hukulitia?"

Akavitazama viganja vyake.

"Nililishika," akasema. "Walipokuwa wakikubeba kukuingiza garini, nilikwenda stoo nikalishika. Nikafungua kifuniko kwa meno."

"Kisha?"

"Kisha nikafikiri. Wewe ulikuwa mmoja. Nyuma yako kulikuwa na matumbo mengine barazani, yananitazama. Ningelitia, wewe ungefika vizuri. Baada ya wiki mipira imevimba, gari limelala, wanalivuta. Na hao wengine? Nikaona nikufikishe kwa mikono. Na nikishindwa..."

Nikamsaidia. "Ukishindwa, nife."

"Ndiyo," akasema, ananitazama machoni. "Ningelia, ningekuzika kwa mikono hii. Lakini gari lingebaki."

Watu wengi wameniambia wangekufa kwa ajili yangu, na wengi wao hata jembe hawakuniazima. Huyu alikuwa tayari nife, tena ananiambia nikiwa nimekaa kwake nakunywa chai yake. Nilitafuta hasira yangu nikaikosa. Nilikumbuka wanawake waliobebwa baada yangu, mke wa shemeji yangu, binti wa mwenyekiti, wale mapacha wa ng'ambo ya mto, nikaona kwamba wote walipita juu ya tumbo langu na juu ya mabega yake, na kwamba yeye alilijua hilo tangu asubuhi ile, peke yake, kifuniko mdomoni, na hakumwambia mtu. Nimewaona wakubwa wakipita na misafara yao. Sijamwona mkubwa kama yule.

Adhana ikasikika kutoka kwenye msikiti mdogo wa sokoni. Nesi akainuka kwa shida, akatazama mlangoni.

"Mpwa wangu amechelewa," akasema. "Ndiye hunifunga kichwa niswali. Kitambaa kile pale."

Nikakitwaa. Mimi ni mtu wa kanisa, sijui wao hufunga vipi. Akanielekeza, huku, zungusha, pitisha chini ya kidevu, na mimi nikafuata kama mtoto wa shule niliyoikosa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Kaza," akasema. "Usiniogope."

Nikakaza.